Kituo cha kupozea umeme kikae wapi: nje ya mji, bondeni au katikati ya watu?

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Injinia habari za kazi. Mi niko idara ya mipango miji. Shirika la umeme linataka eneo la kujenga kituo cha kupozea umeme cha kilovolti 132 kwenye upande mpya wa mji, huko ambako nyumba zinaota kila siku. Tumewapa chaguo tatu. La kwanza shamba kubwa nje ya mji, kama kilomita 7. La pili eneo la wazi bondeni kando ya mto, hilo ni la serikali tayari. La tatu kiwanja cha robo tatu ya hekta katikati ya makazi mapya. Wao wameng'ang'ania hilo la tatu na wananchi wa pale hawataki hata kusikia. Hivi hawa watu wanachaguaje? Kwanini wasiende huko nje ambako ardhi ipo bwerere?"

Nzuri tu ndugu yangu. Nianze na jibu lenyewe alafu maelezo yafuate. Hao jamaa wa umeme wako sahihi kulikataa shamba la nje, na wako sahihi zaidi kulikataa bonde, ila hicho kiwanja cha katikati nacho msiwape kirahisi, kuna mambo lazima wayaweke mezani kwanza. Na kubwa kuliko yote sio kiwanja. Ni njia, yaani laini kubwa itaingia vipi na laini ndogo zitatoka vipi. Watu wakisikia tunatafuta eneo la sabstesheni (ndo hicho hicho kituo cha kupozea, kinachoshusha volteji ya laini kubwa iwe ya laini za mtaani) wanafikiri tunatafuta kiwanja, kumbe kiwanja ndo kinakuja mwisho kabisa, ukishajua njia ziko wapi viwanja vinabaki viwili vitatu na vinajichagua vyenyewe.

Tuanze na shamba la kilomita 7 maana hapo hesabu inaongea yenyewe. Tuchukue mfano tu, tuseme huo upande mpya una kilomita za mraba 12. Leo nyumba bado zimetawanyika, mzigo, yaani umeme unaovutwa kwa pamoja, labda nusu megavolti-ampia (tunaita MVA, karibu sawa na megawati) kwa kila kilomita ya mraba, jumla 6. Pakishajaa, maghorofa yakaanza, viyoyozi, majiko ya umeme, viwanda vidogo vidogo, MVA 4 kwa kilomita ya mraba sio namba ya kushangaza hata kidogo, kwaiyo unafika 48. Sasa hizo 48 ukizibeba kwa kilovolti 132 ni ampia 210 tu, laini moja inazibeba bila jasho. Hizo hizo ukizibeba kwa kilovolti 11 ni ampia zaidi ya 2,500, na hakuna laini ya mtaani inayobeba mzigo huo peke yake, inabidi uugawe kwenye fida (laini zinazotoka kituoni kwenda mitaani) kumi hivi, kila moja na MVA 5 zake.

Kwaiyo kituo kikikaa kilomita 7 nje maana yake unatoa fida kumi na kila moja inasafiri kilomita 7 kabla haijamfikia mteja wa kwanza. Hapo ni kilomita 70 za nguzo na waya ambazo hazimhudumii mtu. Na njiani umeme unachoka. Fida ya MVA 5 inavuta ampia kama 262, ukitumia waya wa aluminiamu wa milimita za mraba 100 volteji inashuka kama asilimia 1.6 kila kilomita, zidisha kwa 7 umeshapoteza zaidi ya asilimia 11 na bado hujaingia mtaani, wakati mashirika mengi yanataka fida nzima kutoka mwanzo hadi mwisho isishuke zaidi ya asilimia 5 au 6. Upotevu nao, kwa waya huo huo, unakaribia kilowati 390 kwa fida moja saa za mzigo mkubwa. Yaani unatuma megawati 4.5 na asilimia 8 na kitu inaishia kuwapasha joto ndege waliokaa kwenye waya.

Najua kuna mtu atasema basi tutoke kule shambani na kilovolti 33. Sawa, ukipandisha volteji mara tatu upotevu kwa mzigo ule ule unapungua mara tisa, hiyo ni kweli na ni faida kubwa. Lakini nyumba hazitumii 33, lazima uje uishushe tena kuwa 11 huko huko ndani, kwaiyo badala ya kutafuta kiwanja kimoja katikati ya watu unaenda kutafuta vitatu au vinne vidogo vidogo katikati ya watu. Ugomvi hujauondoa, umeugawa. Kwenye maeneo yatakayojaa kweli mi napendelea kushuka moja kwa moja 132 kwenda 11 kama inawezekana, unaokoa transfoma za katikati, unaokoa viwanja na upotevu wake. Mabomba ya maji ya mji yanafuata akili hiyo hiyo, bomba nene unalileta karibu na watu ndo unaanza kugawanya kwa mabomba membamba, huanzi na membamba huko kwenye chanzo.

Ndo maana kila mpangaji anaanza kwa kutafuta kitovu cha mzigo. Unaigawa ramani vipande vipande, kila kipande unakipa mzigo wake wa baadaye, alafu unatafuta wastani wa mahali kwa uzito wa mzigo. Kompyuta inafanya sekunde moja siku hizi. Ila hapa kuna kosa naliona kwa vijana wengi, wakishapata ile nukta kwenye ramani wanaishika kama msahafu, kituo lazima kikae palepale. Sio hivo. Ukikisogeza kituo mita 400 au 500 kutoka kwenye kitovu, fida za upande mmoja zinarefuka na za upande wa pili zinafupika, zinakaribia kufidiana, gharama inapanda kidogo sana. Ukizidi kilomita mbili tatu ndo inaanza kuuma, na ukifika saba kama shamba lenu fida zote zimerefuka hakuna iliyofupika. Hiyo nafasi ya mita mia kadhaa ndo nafasi yenu ya kujadiliana, hao jamaa wakiwaambia lazima iwe kiwanja hicho tu na si kingine ndani ya mtaa mzima, waulize kwanini.

Na kitovu chenyewe ni cha mwaka gani? Hili ni muhimu. Mji unaokua mzigo wake unatembea. Eneo jipya halikui kwa mstari ulionyooka, miaka ya mwanzo linasuasua, alafu ghafla linaruka miaka michache linajaa, alafu linatulia. Ukiangalia mji mzima kwa pamoja unaona ukuaji laini tu wa asilimia kadhaa kwa mwaka, lakini ukiingia kipande kwa kipande utakuta mitaa ya zamani haikui kabisa na ukuaji wote umekaa kwenye vipande vichache vilivyo katikati ya kuruka. Mtu wa umeme akitumia takwimu za mita zake peke yake ataona jana, hataona kesho. Kesho iko kwenye kabati lenu nyie wa mipango miji: ramani ya matumizi ya ardhi, vibali vya ujenzi, ghorofa ngapi zinaruhusiwa, barabara gani mpya inakuja. Nashangaa mpaka leo kuna miji ambayo hizi ofisi mbili zinakutana kwenye mgogoro tu.

Alafu kuna mizigo ya mkupuo, hii haina mkunjo wa taratibu. Kiwanda kimoja, hospitali kubwa, karakana ya kuchajia mabasi ya umeme, au kituo cha data ambacho kinaweza kuja na ombi la megawati 50 au hata 100 peke yake, yaani zaidi ya upande wako mzima wa mji tuliopiga hesabu. Mizigo kama hiyo isiachiwe ikae popote alafu umeme uifuate. Mkishajua inakuja, ivuteni kuelekea kwenye njia ya laini kubwa, au mwambieni mwenye nayo ajenge kituo chake.

Sasa njia. Hapa naomba utulie maana ofisi yenu ndo yenye rungu, sio shirika la umeme. Laini ya 132 ya kupita juu inataka mkuza wa kama mita 30, nchi nyingine zaidi kidogo nyingine pungufu, na ndani ya huo mkuza hakuna nyumba hakuna mti mrefu. Kwenye pori mita 30 sio kitu. Kwenye mtaa uliojengwa mita 30 ni kubomoa, ni fidia, ni kesi, na mradi unalala miaka. Utakuta kituo uzio upo, transfoma zimeshakaa kwenye misingi yake, vyumba vya mitambo vimepakwa rangi, laini haijafika, manake kuna nyumba arobaini katikati hazijakubaliana fidia. Njia mbadala ni kebo ya chini, hiyo inaingia kwenye hifadhi ya barabara na mtaro wake ni mita moja na kitu kwa upana, ila gharama kwa kilomita inapanda mara kadhaa na ikiharibika kuitafuta na kuiunga ni kazi ya siku nyingi, pengine wiki, wakati laini ya juu fundi anapanda siku hiyo hiyo.

Upande wa kutoka ndo watu wanausahau kabisa. Fida kumi zinatoka kwenye geti la kituo kimoja. Zikiwa ni kebo na zote zimelazwa mtaro mmoja zimebanana zinapashana joto, kebo ambayo ikiwa peke yake inabeba ampia 300, ikilala na wenzake watano nao wamejaa mzigo, uwezo wake unaweza kushuka thuluthi nzima au zaidi. Umenunua kituo cha MVA 60 mlango wake ni wa 40. Kwaiyo kiwanja chenye barabara upande mmoja tu ni kibaya hata kiwe kikubwa namna gani, na kiwanja cha kona chenye barabara pande mbili au tatu ni dhahabu hata kikiwa kidogo. Hicho cha kwenu sijui umekitazama kwa jicho hilo? Kinatoka barabara ngapi, na hizo barabara chini yake tayari kuna bomba la maji, mtaro wa maji taka, faiba za kampuni ngapi? Nafasi chini ya barabara nayo ni ardhi, inaisha.

Kama unataka mfano wa njia kuumiza jiji soma habari za Auckland, New Zealand, mwaka 1998. Katikati ya jiji palitegemea kebo nne za kilovolti 110. Kiangazi kilikuwa kikali, udongo ukakauka, na udongo mkavu hautoi joto vizuri kwaiyo kebo inajipika. Ya kwanza ikafa Januari, ya pili mapema Februari, mzigo ukaegemea mbili zilizobaki, nazo zikafa Februari hiyo hiyo. Katikati ya jiji pakakaa kama wiki tano kwa majenereta na laini ya dharura iliyojengwa haraka haraka kufuata njia ya reli. Kilichokufa pale ni njia, sio kituo. Somo la kiwanja chako ni kwamba laini mbili zinazoleta umeme zisipite mtaro mmoja, zisipite daraja moja, na ikiwezekana zitoke vyanzo viwili tofauti.

Twende bondeni. Hili eneo la mto naelewa kwanini limewavutia, ni bure, halina mtu, halina fidia. Na ndo maana halina mtu! Sabstesheni inakufa kwa maji kirahisi sana, sio transfoma yenyewe, ile ni tangi la chuma linavumilia, kinachokufa ni vyumba vya swichi, betri na paneli za rilei zinazolinda kila kitu, hivyo vikiloana unaanza upya. Lancaster kule Uingereza usiku wa tarehe 5 Desemba 2015 kimbunga Desmond kilijaza mto Lune, maji yakaruka kinga za kituo cha pale Caton Road, ikabidi kizimwe, nyumba na biashara kama 61,000 zikawa gizani. New York, tarehe 29 Oktoba 2012, kimbunga Sandy kiliinua maji ya bahari hadi zaidi ya mita 4 yakaingia kituo cha East 13th Street kilicho kando ya East River, kikalipuka mwanga watu wakarekodi kwa simu, na sehemu kubwa ya kusini mwa Manhattan ikakaa kama siku nne bila umeme. Na hiyo ni miji tajiri yenye kuta na vipimo vya maji vya miaka mingi.

Kwa mji unaokua kuna ubaya wa ziada. Ramani ya mafuriko mliyonayo ilichorwa wakati juu ya bonde bado kuna mashamba. Leo kuna mabati, lami na zege, maji hayazami tena yanateremka yote kwa mkupuo, kwaiyo ile alama ya "maji hayajawahi kufika hapa" ni historia ya mji mwingine. Na kituo mnajenga cha miaka 40 au 50. Kujaza kifusi kuinua eneo inawezekana, watu wanafanya, ila piga hesabu ya kifusi cha hekta nzima mita mbili juu, ongeza kuta na njia ya kuingilia ambayo nayo isizame (fundi atafikaje usiku wa mvua kama barabara iko chini ya maji?), utakuta ile ardhi ya bure ndo ghali kuliko zote tatu. Mi bonde ningelifuta kwenye orodha leo, kazi ya kulitetea haina faida.

Haya, turudi katikati kwa watu, maana najua hapo ndo penye moto. Wananchi wana hoja tatu kawaida: mionzi, kelele, moto. Zisichanganywe, uzito wake haufanani.

Hiyo wanayoita mionzi ni usumaku wa umeme, upo na unapimika. Kiwango cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, cha mwaka 2010 kwa watu wa kawaida ni mikrotesla 200 kwa umeme wa hezi 50, na ukipima kwenye uzio wa kituo kawaida unakuta sehemu ndogo sana ya hapo, tena mara nyingi panaposoma juu ni pale laini na kebo zinapopita kuingia na kutoka, sio kwenye transfoma. Inashuka haraka ukisogea. Ukweli mwingine usiufiche kwa wananchi, watausoma wenyewe: mwaka 2002 shirika la utafiti wa saratani la IARC liliuweka usumaku wa aina hii kundi 2B, la "huenda", kwa sababu ya tafiti za saratani ya damu kwa watoto ambazo zilionyesha uhusiano dhaifu, na ushahidi wenyewe ulihesabiwa ni mdogo. Waambie hivo hivo, alafu beba kipimo mkapime pamoja kwenye kituo kingine kinachofanya kazi. Kusema tu "hakuna madhara, wataalamu wamesema" ndo kunaharibu kabisa, mtu mwenye mtoto hasikilizi sentensi hiyo.

Kelele ni hoja ya kweli na wataalamu wengi wanaidharau. Chuma cha ndani ya transfoma kinajinyoosha na kurudi kidogo sana, mara 100 kwa sekunde kwa umeme wa hezi 50, ule muungurumo wa chini hauzuiliki kwa ukuta mwembamba na usiku mji ukinyamaza unausikia vizuri. Ongeza feni. Dawa zipo, unaagiza transfoma zenye kelele ndogo tangu mwanzo, unazipanga upande wa barabara kubwa sio upande wa vyumba vya watu vya kulala, unajenga kuta nzito. Kuongeza baadaye ni shida, kwaiyo iandikwe kwenye kibali.

Moto ndo wenye uzito zaidi. Transfoma kubwa ina tani nyingi za mafuta, na mafuta ya kawaida ya madini yanashika moto na kuendelea kuwaka kwenye joto la kama nyuzi 170 hivi. Machi 2025 kituo cha North Hyde magharibi ya London kiliungua, uwanja wa ndege wa Heathrow ukafungwa karibu siku nzima, na uchunguzi ukaonyesha unyevu ulikuwa umeingia kwenye bushingi ya transfoma (kile kikombe cha kupitishia waya kuingia kwenye tangi). Kwaiyo kwa kituo cha ndani ya makazi usikubali transfoma mbili zimekaa bega kwa bega bila ukuta wa zege katikati, wala bila bwawa chini la kupokea mafuta yote yakimwagika. Vigezo vya moto vya Marekani vinataka kama mita 15 kati ya transfoma zenye mafuta zaidi ya lita 19,000 hivi, la sivyo ukuta wa moto. Kuna pia mafuta ya esta, hayo yanaanza kuwaka juu ya nyuzi 300, bei iko juu ila kwa katikati ya watu mi ningeyadai.

Je, robo tatu ya hekta inatosha? Inategemea mitambo. Kituo cha 132 cha wazi, vile unavyoona vyuma na vikombe (vya kuzuia umeme usivuje) vimesimama uwanjani, chenye transfoma tatu na nafasi ya kukua, kinataka hekta moja na nusu mpaka mbili. Kwaiyo kwenye kiwanja hicho hakiingii, wasikudanganye. Mitambo ya gesi, yaani swichi zinazokingwa na gesi badala ya hewa na kufungwa ndani ya mabomba, inaingia kwenye sehemu ndogo ya eneo hilo, robo au chini ya hapo kwa upande wa swichi, unaijenga ndani ya jengo ambalo kwa nje linaweza kufanana na ofisi ya kawaida. Wengine wameenda chini kabisa: Anaheim kule California tangu 2006 wana kituo chini ya bustani ya watu kupumzikia, na Tokyo wana cha kilovolti 500 pale Shin-Toyosu kiko chini ya ardhi tangu 2000. Ni gharama kubwa sana, nataja tu ujue kwamba katikati ya watu sio lazima iwe msitu wa vyuma. Gesi yenyewe iliyozoeleka, SF6, inapasha dunia joto zaidi ya mara 20,000 kuliko kaboni dayoksaidi kwa uzito ule ule, Umoja wa Ulaya kuanzia 2026 umekataza mitambo mipya yenye gesi za jamii hiyo mpaka kilovolti 24, kwaiyo waulize mapema wanaleta aina gani.

Vitu vingine vipo lakini vinapimwa haraka, haviwezi kuwachukua mikutano mitano. Udongo: ukiwa mwamba mtupu ethi (waya za kupeleka umeme wa hitilafu ardhini) ni taabu, inabidi upime ukinzani wa udongo hasa kiangazi, maana ethi mbaya ni mtu kushika uzio siku ya hitilafu akapigwa. Barabara: transfoma ya ukubwa huo inasafirishwa ikiwa na makumi ya tani, je madaraja yanaibeba, kona inakatwa? Karibu na bahari au kiwanda cha saruji chumvi na vumbi vinashika vikombe, unahitaji vyenye mapindo marefu zaidi. Njia ya ndege, bohari ya mafuta, hivyo kila mtu anajua.

Kuhusu ukubwa, usishtuke wakisema wanataka transfoma tatu za MVA 30, jumla 90, wakati mzigo wa mwisho ni 48. Kanuni ni kwamba moja ikifa zilizobaki zibebe wote, kwaiyo kwa tatu unahesabu 60. Kwa mbili ungetumia nusu tu ya ulichonunua, kwa tatu theluthi mbili, kwa nne robo tatu. Ndo maana kiwanja kinachoweza kubeba mbili tu ni kiwanja cha hasara hata kama leo moja inatosha. Na wakijenga laini za kupokezana mzigo na vituo jirani, kila kituo kinaweza kuwa chepesi zaidi, hilo nalo ulizia, wengine hawalifanyi kwa uvivu tu. Siku ya kwanza wafunge moja au mbili, nafasi ya tatu ibaki na nyasi zake, asije mtu akaipa kantini.

Sasa ningefanyaje ningekuwa kiti chako. Shamba la kilomita 7 lisitupwe, liacheni kwa ajili ya kituo kikubwa cha baadaye cha kilovolti 220 au zaidi kitakacholisha mji mzima, hapo ndo mahali pake, karibu na laini za mbali na mbali na watu. Kwa hili la sasa chora duara la mita 500 kuzunguka kitovu cha mzigo wa miaka 20 ijayo, tafuta ndani yake kiwanja cha nne kinachogusa barabara kubwa, chenye hekta moja na zaidi, ikibidi mbadilishane na eneo jingine la serikali. Fanyeni sasa hivi, maana miaka miwili tu mbele duara hilo halina kiwanja. Kikikosekana basi hicho cha robo tatu ya hekta kiende, kwa masharti: mitambo ya ndani ya jengo, laini kubwa iingie kwa kebo, kuta za moto, kelele iandikwe kwa desibeli kwenye mpaka wa nyumba ya jirani saa za usiku.

Na msingoje fedha za ujenzi ndo mtenge ardhi. Transfoma kubwa siku hizi ukiiagiza leo inaweza kuchukua miaka miwili mpaka minne kufika, kwaiyo hata mradi wenye hela bado una muda, ila mkuza hauna muda, nyumba ya kwanza ikishaota ndani yake ya pili inafuata wiki ijayo. Uchoreni kwenye mpango kabambe kama mnavyochora barabara, mita zake, alama zake za zege, na kila anayeomba kibali auone.

Mkutano ujao wa hao jamaa waombe ramani moja. Iwe na laini zote mbili zinazoingia kutoka chanzo mpaka getini, na fida zote kumi zinazotoka, kila moja imepita barabara gani, upande gani, kina gani, mpaka kilomita mbili nje ya uzio. Wakileta ramani ya kiwanja peke yake warudishe nayo.